Mafuta ya Mashine katika Tangi la Maji ya Kunywa

Kijiji cha Sanje, kilicho chini ya milima ya Udzungwa katika barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, si mahali pa kulalamikia uhaba wa maji. Vijito huteremka kutoka msituni, na maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, yanajulikana hata na wageni wa mbali. Shida ya maji kwa wanachama wa bonde la Kilombero huanza pale maji hayo yanapotiwa chomboni na kusafirishwa. Wakata miwa wapelekewapo maji shambani kwa trela la trekta, tangi la maji husafiri bega kwa bega na pipa la dizeli. Wavuvi na wakulima wa mpunga waingiapo katika mto Kilombero kwa boti ya mashine, dumu la maji ya kunywa hukaa chini ya benchi lile lile lililo na dumu la petroli. Kwa hiyo si ajabu kwamba mara kwa mara mafuta huingia katika maji. La kushangaza ni jinsi vyama vingi visivyo na utaratibu wowote wa kufuata jambo hilo linapotokea, hata kila mtu hufanya alijualo, na mara nyingi alijualo si sahihi.

Desturi ya kugeuza chombo cha mafuta kuwa chombo cha maji ni ya zamani katika Afrika Mashariki. Debe lenyewe, ambalo hadi leo hutumika kupimia mahindi na mpunga, lilikuwa kopo la bati la mafuta ya taa lenye ujazo wa galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yalipokwisha, debe lilioshwa kwa majivu na mchanga, likatiwa mpini wa mti, na kina mama wakachotea maji kisimani. Jambo hilo halikuleta madhara makubwa kwa sababu bati halinywi mafuta. Likisuguliwa vizuri na kuachwa juani, harufu huondoka. Dumu la plastiki la lita 20, ambalo limechukua nafasi ya debe, lina tabia nyingine. Plastiki ya namna hiyo hufyonza mafuta ndani ya unene wake, na baadaye huyatoa polepole katika kila kitu kitakachotiwa humo. Dumu lililowahi kuwa na petroli laweza kuoshwa asubuhi likaonekana safi kabisa, na jua linapopanda saa sita harufu ikarudi. Watu wamerithi desturi ya debe wakaihamishia katika dumu, na hapo ndipo kosa lilipo.

Njia za mafuta kuingia katika maji ni chache na zote ni za kawaida. Iliyo ya kwanza ni faneli moja kutumika kwa kazi mbili. Ya pili ni mtu kumimina mafuta katika tundu lisilo lake, hasa alfajiri au usiku, na hasa katika boti kubwa kidogo ambamo kifuniko cha tangi la mafuta na kile cha tangi la maji viko karibu na vinafanana. Ya tatu ni mpira wa kunyonyea mafuta pipani kutumiwa baadaye kujazia maji. Ya nne hujificha zaidi: katika vyombo vya bati ambavyo tangi la maji na tangi la mafuta hugawana ukuta mmoja, kutu ikitoboa ukuta huo mafuta hupenya kidogo kidogo, na hakuna mtu aliyemimina kitu. Kadhalika ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo yanapokusanyikia maji machafu na mafuta yaliyodondoka, ikifurika yaweza kulifikia tangi la maji lenye mfuniko mbovu. Mahali pa kuanzia uchunguzi ni hapo, kabla ya kumtafuta mtu wa kumlaumu.

Katibu wa chama anahitaji kufahamu jinsi mafuta yanavyokaa katika maji, kwa maana hatua zote zifuatazo zinategemea jambo hilo. Petroli, dizeli na mafuta ya taa vyote ni vyepesi kuliko maji, basi huelea juu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, na ya petroli gramu 740 hivi. Koki ya tangi iko chini. Kwa hiyo tangi lililoingia mafuta laweza kutoa maji yasiyoonyesha dalili kubwa kwa nusu siku, na wanaokunywa mwisho ndio watakaopata utando wote wa juu ulioshuka pamoja na maji. Utando huo ukishuka hupaka kuta zote, kisha sakafu ya tangi, kisha koki, pampu na mipira. Mtu anayefungua koki ili “mafuta yatoke” huwa anayasafirisha mafuta hayo yapite kila mahali ambapo hayakuwa yamefika.

Sehemu ndogo ya mafuta huyeyuka katika maji na haionekani. Katika petroli sehemu hiyo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwani ina benzini, kitu kinachojulikana kuleta saratani ya damu kwa mtu anayekitumia kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha benzini katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 0.01 kwa lita moja. Dizeli na mafuta ya taa huwa na benzini kidogo zaidi kuliko petroli, lakini huumiza tumbo, huleta kichefuchefu na kuharisha, na huwasha ngozi ya anayeyaogea. Kiasi kinachotosha kuharibu maji ni kidogo mno. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, katika tangi la lita 1,000 ni sehemu 5 tu katika sehemu milioni, na hata hivyo kinatosha kuyatia maji harufu ya dizeli.

Pua ya binadamu, basi, ni kipimo kizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kawaida harufu na ladha ya mafuta hujitokeza kabla maji hayajafikia kiasi cha kumdhuru mnywaji kwa siku moja au mbili. Ila pua ina mipaka yake. Benzini peke yake haisikiki katika maji mpaka iwe nyingi mara mamia kuliko kiwango kilichotajwa. Tena pua ya fundi wa mashine aliyeshinda na dizeli tangu asubuhi haifai kupima chochote. Kwa macho, utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji ni dalili ya mafuta, lakini wakazi wa bonde wanajua kwamba hata madimbwi ya mbugani huwa na utando unaong’aa hivyo, utokanao na chuma kilichomo ardhini. Kuutofautisha ni rahisi: uguswe kwa kijiti. Utando wa chuma hupasuka vipande vipande kama gamba na kubaki umepasuka; utando wa mafuta hutawanyika na kurudi kuungana.

Mambo mawili hufanywa na watu wengi kwa nia njema nayo hayasaidii. La kwanza ni kuchemsha. Maji yakichemshwa vijidudu hufa, lakini dizeli huanza kuchemka katika joto la nyuzi 160 hivi na zaidi, hali maji huchemka nyuzi 100, kwa hiyo sehemu kubwa ya dizeli hubaki sufuriani. Petroli nayo hutoa mvuke unaoshika moto, na mpishi aliye karibu na jiko ndiye atakayeungua. La pili ni kutia dawa ya klorini. Klorini huua vimelea vya kipindupindu na kuhara, ambavyo ndivyo kazi yake, haiondoi mafuta. Mkaa maalumu wa kuchujia maji, ambao umetengenezwa kwa kazi hiyo, hunasa mafuta yaliyoyeyuka, lakini mkaa wa jikoni uliotwangwa si kitu hicho na usitegemewe.

Mara tu harufu inaposikika, koki ifungwe, pampu izimwe, na tangi liwekwe alama iliyo wazi, hata ikiwa ni kitambaa chekundu na maneno yaliyoandikwa kwa mkaa: MAJI HAYA YASINYWEWE. Watu wote waliokwisha kuchota waambiwe, pamoja na wale walioyapeleka nyumbani. Ni lazima yapatikane maji mengine mara moja, kwa sababu wakata miwa waliokaa juani bila maji watakunywa yale yale yenye dizeli hata wakikatazwa. Katibu anayefunga tangi bila kutafuta maji mengine hajatatua neno.

Aliyekunywa kiasi kidogo cha maji yenye harufu kwa kawaida hupata kichefuchefu na kuumwa tumbo, na apelekwe zahanati akaangaliwe. Aliyekunywa mafuta yenyewe, kama itokeavyo kwa watoto wanaokuta mafuta ya taa katika chupa ya soda, au kwa kijana anayenyonya petroli kwa mpira, ASITAPISHWE kwa hali yoyote. Mafuta yakipanda tena kooni huingia mapafuni kwa urahisi, na mapafu ndiyo yanayoua mgonjwa wa namna hiyo, wala si tumbo. Kumpa maziwa ili “kukata sumu” hakusaidii, na kwaweza kumletea kutapika. Akiwa anakohoa, anapumua kwa shida au anasinzia, apelekwe hospitali bila kukawia. Kwa wanachama wa pande hizi hospitali kubwa ni ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Nguo zilizolowa mafuta zivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni.

Yafaa kueleza hapa yaliyotokea katika nchi zenye mitambo na wataalamu kuliko bonde la Kilombero, ili isidhaniwe kwamba kosa hili ni la watu maskini. Mnamo Oktoba 2021 wakazi wa mji wa Iqaluit, kaskazini ya Kanada, walianza kulalamika kwamba maji ya bomba yananuka mafuta. Vipimo vya kwanza havikuonyesha kitu, na siku kadhaa zikapita kabla ya tarehe 12 Oktoba, walipokatazwa kuyanywa. Wakazi 8,000 hivi waliishi kwa maji ya chupa na ya mtoni hadi mwezi Desemba. Chanzo kilionekana kuwa tangi la zamani la mafuta lililosahauliwa ardhini karibu na mtambo wa maji. Mwezi uliofuata, Novemba 2021, mafuta ya ndege yalivuja kutoka ghala la jeshi la majini la Marekani mahali paitwapo Red Hill, karibu na Honolulu, yakaingia katika kisima kilichohudumia watu 93,000 hivi. Huko nako wakazi walisikia harufu kwanza, na mwanzoni wakaambiwa kwamba hakuna dalili ya uchafu. Baadaye, Septemba 2022, meli ya vita USS Nimitz ilipatikana na mafuta ya ndege katika maji yake ya kunywa, ikalazimika kurudi San Diego kusafisha matangi. Karibu zaidi na nyumbani, mwezi Mei 2015 bomba la mafuta litokalo Mombasa kwenda Nairobi lilivuja huko Thange, katika kaunti ya Makueni, Kenya, na petroli ikaingia katika kijito na visima vya wakulima.

Katika habari hizo, Iqaluit na Honolulu ndizo zinazomhusu Katibu moja kwa moja. Mama aliyefungua bomba jikoni alijua kabla ya mkubwa yeyote. Mtu akija ofisini kusema maji yananuka, asijibiwe kwamba ni fikira zake. Aende mtu mwingine akanuse.

Kabla ya kuanza kusafisha, pajulikane ni mafuta gani yaliyoingia, na kiasi gani. Hapa daftari la mafuta hutoa msaada ambao wengi hawautarajii. Ikiwa stoo ilitoa lita 20 asubuhi, na tangi la mashine halikupanda, basi lita hizo ziko mahali. Chama ambacho daftari lake halijaandikwa kwa wiki mbili hakitajua kama kinashughulika na nusu kikombe au nusu dumu, na usafishaji wake utakuwa wa kubahatisha. Aina ya mafuta ni muhimu zaidi hata kuliko kiasi, kwa sababu dizeli ni ya kusumbua na petroli ni ya kuua.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa ndani ya ngama na ndani ya tangi, na hungoja cheche. Mkoa wa Morogoro hauhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa nje: tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, gari la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia na madumu, moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Basi tangi lililoingia petroli lishughulikiwe nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara, betri na mashine inayozunguka. Katika boti, betri ifunguliwe nyaya na mifuniko yote iachwe wazi. Maji ya moto yasitumike mpaka harufu kali ya petroli iwe imekwisha. Wala mtu asiingie ndani ya tangi kusugua, hata likiwa kubwa kiasi cha kumtosha na hata akiwa amefungwa kamba. Mvuke huo hulewesha kwa dakika chache, na historia ya matangi na mashimo ni ile ile kila mahali: wa kwanza huanguka, wa pili huingia kumwokoa, naye huanguka.

Sasa kusafisha kwenyewe. Utando wa juu uondolewe KWANZA, maji yangali ndani, kupitia mdomo wa juu. Vitambaa vikavu vya pamba vilazwe taratibu juu ya maji, vinyonye, vikamuliwe katika ndoo, virudishwe. Panapobaki utando mwembamba, mpira safi uzamishwe mpaka chini ya tangi na maji safi yafunguliwe polepole. Tangi litajaa kutoka chini, utando utainuka, nao utamwagika kwa mdomo wa juu kuingia katika beseni lililotegwa. Maji yasimiminwe kutoka juu kwa nguvu, kwa sababu hapo mafuta huvurugika na kuwa matone madogo yanayokaa ndani ya maji kwa saa nyingi. Katika boti ambamo mdomo wa kujazia ni mwembamba njia hii ya kufurisha ndiyo pekee inayowezekana, na yahitaji subira na mtu wa kushika beseni.

Maji yaliyobaki yatolewe kwa mpira utakaotupwa baadaye, bila kupitia pampu wala koki ya kunywea ikiwa mafuta hayajafika huko. Kisha tangi litiwe maji kiasi cha robo, pamoja na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ya kutosha kutoa povu. Kama ni dizeli, maji yawe ya moto kiasi ambacho mkono hauvumilii, ila tangi la plastiki lisitiwe maji yanayochemka. Tangi la bati au la plastiki lililo nje lisuguliwe kwa ufagio wenye mpini mrefu. Lile la boti halifikiki kwa ufagio, nalo lina dawa yake nzuri: boti iendeshwe mtoni kwa nusu saa na robo hiyo ya maji ya sabuni ndani, na mawimbi yafanye kazi ya kusukasuka. Maji yamwagwe, na kazi irudiwe. Mara moja haitoshi. Mara tatu ni kawaida, na ya nne si aibu. Magadi yanaweza kutumika badala ya sabuni katika tangi la chuma, lakini hula alumini, hivyo yasitiwe katika tangi la namna hiyo.

Mipira, washa za koki na viungo vyote vya raba vilivyoguswa na mafuta vitupwe. Hapa vyama vingi hujaribu kubana matumizi mahali pasipofaa. Raba hufyonza mafuta vibaya kuliko plastiki, na tangi lililosafishwa kwa siku mbili litaendelea kunuka kwa sababu ya kipande cha mpira cha mita moja. Bei ya mpira mpya ni ndogo kuliko ujira wa siku moja ya watu wanaosugua.

Tangi la chuma au la alumini likifanyiwa hayo hupona karibu kila mara. Tangi la nyuzi za kioo, lililo katika boti nyingi za kisasa, hupona ikiwa rangi yake ya ndani haijapasuka. Tangi la plastiki ndilo lenye mashaka. Dizeli ikikaa humo saa chache tu, kusafisha kwaweza kufaulu. Ikikaa wiki, au kama ni petroli ya kiasi cha zaidi ya vikombe viwili vitatu, tangi hilo litumike kwa kazi nyingine na chama kisitumie siku za watu kulibembeleza. Dumu la lita 20 lisifikiriwe hata kidogo: libaki la mafuta milele, na liandikwe hivyo.

Maji ya kuoshea na mafuta yaliyokusanywa yasimwagwe mtoni. Bonde la mafuriko la Kilombero limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia tangu mwaka 2002, lakini hata lisingekuwamo, mtu anayemwaga dizeli mtoni anaimwaga katika maji ya kijiji kilicho chini yake. Yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima na mto, juu ya pumba za mpunga, ambazo Ifakara na vijiji vyake haiwezi kusema zimepungua. Pumba hunyonya mafuta, kisha hufukiwa. Zilizonyonya petroli ziachwe wazi penye upepo kwanza, mbali na moto.

Baada ya suuza ya mwisho, tangi lijazwe maji safi, lifunikwe, liachwe siku moja na usiku wake, ikiwezekana juani. Kisha maji yachotwe katika chupa ya kioo, nusu yake, itikiswe kwa nguvu, ifunguliwe na kunuswa mara hiyo. Wanusaji wawe watatu, wasiovuta sigara na wasioshika mafuta siku hiyo. Mmoja wao awe mama anayepika, kwa kuwa hapana pua zinazojua maji kuliko hizo. Wote watatu wakisema hawasikii kitu, maji hayo yamwagwe, na jaribio lirudiwe tena siku ya pili. Mmoja akisikia, kazi irudi kwenye sabuni. Ikiwa mafuta yalikuwa petroli, pua haitoshi: sampuli ipelekwe maabara, kwa kupitia ofisi ya maji ya wilaya au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kabla ya kuipeleka iulizwe ni chupa ya namna gani inayotakiwa. Chupa ya plastiki iliyookotwa itaharibu kipimo.

Mwisho wa kusafisha ni kuua vijidudu vilivyoingia kwa mikono na mifagio. Hapo ndipo klorini ina kazi. Kwa tangi la lita 1,000 inatosha lita moja ya dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, au gramu 75 hivi za unga wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, tangi likijazwa mpaka juu na kuachwa saa 24. Maji hayo makali hayanywewi. Humwagwa, na tangi husuuzwa. Dawa yenye manukato ya kufulia isitumike.

Limebaki jambo moja lisilo la kifundi, nalo ndilo hufanya ajali ndogo iwe kubwa. Kijana aliyemimina dizeli katika tangi la maji anajua bei ya tangi. Anajua pia kwamba katika vyama vingi mali ikiharibika hutafutwa mtu wa kukatwa malipo yake ya miwa au ya mpunga. Akiwa peke yake alfajiri, mbele yake kuna njia mbili: aende kumwamsha Katibu, au avue utando kwa kopo, afunge kifuniko na kunyamaza. Utaratibu wa chama ndio unaomchagulia njia. Bodi ikiwa imekwisha kuamua katika kikao, na kuandika katika kumbukumbu zake, kwamba anayetoa taarifa siku ile ile hatalipishwa, naye atakuja. Bodi isipoamua hivyo, watakaotoa taarifa ni matumbo ya watu thelathini shambani. Kuna viongozi watakaosema kuwa huko ni kulea uzembe. Wapige hesabu: tangi jipya upande mmoja, na upande wa pili gharama za hospitali, siku za kazi zilizopotea, na mzazi anayekuja ofisini kuuliza mtoto wake alikunywa nini.

Tangi au madumu yatakayoondolewa katika matumizi yasipotee tu stoo. Yaandikwe katika leja ya vifaa, sababu itajwe wazi, Bodi iidhinishe kufutwa kwake, na hati ihifadhiwe kwa ajili ya ukaguzi. Mara nyingine dumu lililofutwa huonekana tena baada ya mwezi sokoni, limeoshwa, likiuzwa kama la maji. Kwa hiyo litobolewe.

Kinga haina gharama kubwa. Faneli ya mafuta ifungwe kwa mnyororo kwenye pipa la mafuta, isiweze kufika kwenye maji. Madumu ya mafuta yawe ya rangi moja na ya maji ya rangi nyingine, na rangi hiyo isibadilishwe kwa sababu ya upungufu wa siku moja. Katika boti, maji yakae mbele na mafuta nyuma karibu na mashine; katika trela, mafuta yasipande kabisa siku ya maji. Pale ambapo vifuniko viwili vya tangi viko karibu, cha maji kitiwe kufuli, na ufunguo akae nao mpishi badala ya fundi.